Gunzi, Kumbi na Kijiti: Mbwa Atafune Nini?

Popo, mtoto wangu wa mbwa, alipotimiza miezi minne alianza kutafuna ndala za mgeni. Zikafuata miguu ya stuli, waya wa chaja, na mwisho mkono wangu mwenyewe. Nilimfungua mdomo nikaona kisa. Chonge yake ndogo ya juu ilikuwa inacheza, ufizi wa pembeni umevimba na kutoka damu kidogo, na jino jipya lilikuwa linachungulia, jeupe kama punje ya mchele. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, na kuanzia mwezi wa tatu hadi wa saba hivi yote hung'oka kuyapisha meno 42 ya ukubwani. Miezi hiyo ukimkataza kutafuna unapoteza muda wako. Kinachobaki ni kumchagulia cha kutafuna.

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye shamba la mahindi na mbwa watatu wa kufukuza ngedere, alinisikia nikifoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unagombana na mtoto anayeota meno? Mpe gunzi, mwanangu. Sisi mbwa wetu wote wamekulia magunzi, hajafa hata mmoja." Akanirushia moja juu ya ua wa michongoma.

Nilishukuru, nikalipokea, nikaingia nalo ndani na kulitupa jalalani kimyakimya. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka Popo kuchanjwa, na pale kliniki nilikuta trei ya chuma mezani ina vipande vitatu vya gunzi, vyeusi, kila kimoja urefu wa kifundo cha kidole gumba, vinanuka hadi mlangoni. Vilikuwa vimetolewa asubuhi ile kwenye utumbo wa mbwa wa mtu. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi akieleza kwamba mahindi ya kuchoma waliyala Jumapili ya wiki iliyopita. Siku zote hizo zimepita, na vile vidundu vya punje kwenye gunzi bado ungeweza kuvihesabu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa, na nikijiuliza, swali ambalo watu wengi wanaofuga mbwa wanalo: vitu vya kutafuna vinavyouzwa madukani ni ghali na vingi ni vya plastiki au ngozi iliyopitia kemikali, sasa si bora kumpa mbwa kitu cha asili, mti, ganda, mzizi, kamba ya katani? Jibu fupi ni kwamba neno "asili" halikuambii chochote. Muarubaini ni wa asili, na mbarika wenye mbegu za sumu nao ni wa asili. Jibu refu linahitaji kutenganisha hatari tatu ambazo watu huzichanganya: kitu kinaweza kumvunja mbwa jino, kinaweza kumezwa kikakwama, na kinaweza kuwa na sumu. Wengi wetu tunaanza na sumu. Mimi naona tungeanza na utumbo.

Kwanza tazama kinywa chenyewe. Taya la mbwa hufunga na kufunguka kama mkasi, juu na chini. Haliendi upande kama letu au la ng'ombe. Kwa hiyo mbwa hasagi chakula. Hukata, huvunja, humeza. Mate yake nayo hayaanzi kuyeyusha wanga kama yetu, kazi hiyo anaiachia kongosho, na anaiweza vizuri. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Erik Axelsson huko Sweden lilionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha wanga kuliko mbwa mwitu wa aina ya wolf, na hapo ndipo unaelewa namna mbwa wetu wanavyoishi kwa ugali na dagaa miaka kumi na zaidi. Lakini wanga ni kitu kimoja, na nyuzi za mmea ni kitu kingine. Selulosi na lignini, vitu vinavyoufanya mti uwe mti na gunzi liwe gunzi, mbwa hana cha kuvivunjia. Ng'ombe amebeba tumboni jeshi la vijidudu linalomfanyia kazi hiyo. Mbwa akimeza kipande cha gunzi, kitaingia kama kilivyo, na kama kitatoka, kitatoka kama kilivyo.

Shida ni hapo kwenye "kama kitatoka". Gunzi (guguta, kwa wengine) ni jepesi, lina uso wa kukwaruza, na mbwa akilikata kwa magego hulikata vipande vya mviringo kama vizibo vya chupa. Tumbo ni pana, kizibo kinakaa humo bila shida hata siku kadhaa, mbwa anacheza na kula kama kawaida. Siku kikisukumwa kwenye utumbo mwembamba ndipo kinabana. Utumbo unaendelea kusukuma, kizibo hakiendi, ngozi ya utumbo inakandamizwa hadi damu haipiti, inakufa, inatoboka, na uchafu unamwagika ndani ya mwili. Kibaya zaidi, gunzi halijitokezi kwenye picha ya eksirei kama mfupa au sarafu inavyojitokeza. Daktari anaona hewa iliyojazana nyuma ya kitu asichokiona, na mara nyingi inabidi apige altrasaundi au apasue aone mwenyewe.

Kokwa la embe lina tabia hiyohiyo, likiwa na nyongeza ya utelezi: mbwa analilamba, linamponyoka ulimini, ameshameza. Msimu wa embe ukifika pwani, uwanja mzima unakuwa na makokwa, na mbwa wanayapenda kwa sababu ya utamu uliobaki kwenye nyuzi. Mbegu ya parachichi nayo ni ya kuokotwa. Watu husema parachichi ni sumu kwa mbwa. Kweli ina kitu kiitwacho pasini kinachodhuru sana ndege, sungura na mbuzi, lakini mbwa huvumilia zaidi. Kwa mbwa, tishio kubwa la parachichi ni ile mbegu kwa ukubwa wake tu, na utelezi wake.

Baada ya gunzi na kokwa, nyuzi. Hapa kuna mambo mengi kuliko watu wanavyodhani, na kwa sisi wa Tanga ni jambo la nyumbani. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akiwa ameagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida. Vilivyofika hai vilikuwa 62, na kutoka kwa hivyo yakatokea mashamba yaliyoijaza nchi. Leo kamba nene ya katani iliyofungwa mafundo ni kati ya vitu vya mbwa vinavyouzwa sana Ulaya na Marekani, na huku unaweza kuisokota mwenyewe. Kwa jino ni nzuri: ni laini, inapenya kati ya meno, mbwa anaivuta nawe unaivuta. Kamba nzima haina shida. Shida ni uzi mmoja mmoja.

Uzi mrefu ukimezwa, ncha moja hunasa mahali, mara nyingi chini ya ulimi au kwenye mlango wa tumbo, na ncha nyingine inaendelea na safari. Utumbo unajitahidi kuusukuma, hauendi, basi utumbo wenyewe unapanda juu ya uzi na kujikunja kama pazia kwenye waya wake. Uzi ukikaza, unakata kama msumeno, na si mahali pamoja. Ndiyo maana ukiona uzi unaning'inia nyuma ya mbwa wako, au umezunguka ulimi, usiuvute. Kuvuta ni kukaza msumeno. Kata sehemu inayoburuta ili asiikanyage, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mimi nampa Popo kamba ya katani tukiwa tunacheza wote, nikimaliza naitundika msumarini. Ikianza kutoa ndevu ndefu inakwenda kufungia kuni. Na isiwe kamba yoyote tu: nyingi za kiwandani hulainishwa kwa mafuta wakati wa kusokotwa, na harufu yake ukiinusa utajua. Jani bichi la mkonge usimwachie kabisa. Waliofanya kazi kwenye korona (naongelea mashine ya kukwangua mkonge, ule ugonjwa umetuharibia neno) wanajua maji ya jani lile yanavyowasha ngozi ya mkono, sembuse ulimi.

Kumbi la nazi ni jambo ambalo nimelitazama kwa makini, maana kwetu halina bei. Nililaza nazi kavu nzima, haijafuliwa, mbele ya Popo. Alizunguka mara mbili, akailalia kwa miguu ya mbele, akaanza na lile pua la juu ambapo kikonyo kilikuwa. Akapata uzi mmoja, akauvuta hadi ukakatika, akautema. Uzi wa pili hakuutema. Ndani ya robo saa kulikuwa na rundo la makumbi upande wake wa kushoto na mimi nimekaa upande wa kulia nikihesabu asichokitema. Kesho yake nilikuta nyuzi tatu fupi kwenye kinyesi, hakuna shida. Hukumu yangu: kumbi kwa dakika kumi na tano, ukiwa hapo hapo, kwa mbwa ambaye ni mrarua na si mmezaji, linafaa, na ufizi unaokua unalipenda. Kumwachia nazi usiku kucha ni jambo jingine, kwa sababu nyuzi nyingi zikikutana tumboni husokotana. Akishafikia kifuu, mnyang'anye. Kifuu hupasuka vigae vyenye makali, nacho ni kigumu kiasi cha kumshinda mpishi mwenye panga. Nyama ya nazi kidogo haina neno; nyingi ina mafuta ya kumharisha.

Dodoki lina hadithi inayofanana. Ng'ambo wanalikata vipande, wanalipaka rangi, wanaliuza kama kifaa cha mbwa. Ni laini, halivunji jino, linasugua ukoga. Lakini kazi ya dodoki ni kunywa maji na kuvimba, kila anayeoga nalo anajua, na kipande kilichomezwa kikavu hakitabaki na ukubwa uliokiona. Muwa nao: mbwa anafyonza utamu kisha anameza makapi ambayo wewe ungeyatema. Sitampa.

Sasa mti wenyewe, yaani kijiti. Picha ya mbwa akikimbilia kijiti ni picha ya furaha duniani kote, na madaktari wa mifugo wanaichukia. Kijiti kikirushwa huweza kutua kimesimama, ncha moja ardhini, na mbwa anayekuja mbio mdomo wazi anakikuta hivyo. Kinamchoma nyuma ya koo. Wakati mwingine damu ni kidogo, mwenye mbwa anafikiri yamekwisha, na wiki kadhaa baadaye shingo inavimba jipu kwa sababu kibanzi kilibaki ndani na kinatembea kwenye nyama. Hata bila kurusha, matawi makavu ya miti mingi hupasuka vibanzi vyenye ncha. Mwanzi ndio mbaya kuliko yote. Ukipasuka unatoa kingo kali kiasi kwamba mkunga wa zamani aliweza kukatia kitovu cha mtoto.

Kuna miti inayosifiwa kwamba haipasuki vibaya, hasa mti wa kahawa na mzeituni. Kwenye maduka ya mbwa Ulaya utakuta vipande vya mti wa kahawa vilivyosuguliwa vikauzwa kwa bei ambayo mkulima wa Kilimanjaro akiambiwa atacheka, maana kwake ni kuni. Sababu za sifa hiyo ni za kweli: ni mti mzito, nyuzi zake zimeshikana, nao hulika kidogo kidogo kuwa unga badala ya kutoa vibanzi virefu. Lakini kabla hujaenda kuokota shina lililokatwa shambani, kumbuka mkahawa hupuliziwa dawa. Kwa magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani mkulima hutumia dawa za shaba msimu baada ya msimu, na shaba haiozi, inakaa kwenye gome. Shina la shamba lisilopuliziwa, lililomenywa gome na kukaushwa vizuri, ni habari tofauti.

Na uzito huohuo unaosifiwa una gharama yake. Gamba gumu la jino la mbwa ni jembamba kuliko letu, halifiki milimita moja sehemu nyingi. Gego kubwa la juu, lile linalokata nyama, ndilo analovunjia vitu vigumu, na ndilo linalopasuka ubavuni kama kigae. Mbwa haonyeshi. Anaendelea kula, ila kwa upande mmoja. Miezi inapita, kisha unaona uvimbe chini ya jicho, unadhani amepigwa jiwe, kumbe ni usaha wa mzizi wa jino. Kipimo wanachokitumia madaktari wengi ni rahisi na hakihitaji maabara: bonyeza kitu kwa ukucha wa gumba. Kama hakibonyei hata alama, ni kigumu mno. Au jiulize kama ungekubali kupigwa nacho gotini. Mpingo, mninga mkavu, kifuu, mti wa kahawa uliokauka sana, vyote vinafeli mtihani huo, na mbwa anayetafuna kwa pupa atakuja kulipa. Mbwa mpole anayekwangua polepole huenda asidhurike kamwe. Ndio maana huwezi kupata jibu moja la mti wa kahawa. Inategemea zaidi ni nani anautafuna.

Vipande vya fundi seremala sivijadili sana. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye ukijani kama nguzo za umeme, nyingi zimeloweshwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Plaiwudi ina gundi. Mbwa asiingie karakana.

Kuhusu sumu, niseme hivi: kutafuna kunabadilisha hesabu. Mbegu ya mbarika (mnyonyo kwa wengine) ikimezwa nzima inaweza kupita bila kufunguka, maana ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, sumu yake iitwayo risini inatoka, na mbegu chache zinatosha kumuua mbwa. Mashudu ya nyonyo yanayouzwa kama mbolea ni hatari vilevile yasipochemshwa vya kutosha, na mbwa huvutiwa nayo hasa yakichanganywa na unga wa mifupa. Mbono kaburi, unaopandwa kama ua nyumba nyingi, una sumu kwenye mbegu. Mnyaa una utomvu mweupe unaounguza kinywa na unaweza kupofusha jicho. Oleanda, lile ua la waridi au la manjano linalopendeza kwenye mageti, lina sumu ya moyo kuanzia jani hadi kijiti, na kijiti chake kimenyooka vizuri, kinavutia kurusha. Mtapo unaopandwa bustanini kama mnazi mfupi una mbegu zinazoharibu ini. Wazee wa pwani waliweza kula unga wake wakati wa njaa baada ya kuuloweka siku nyingi, na mbwa haloweki. Kusini, maganda ya korosho mbichi yana mafuta yanayobabua. Mikono ya wabanguaji inasimulia.

Ukwaju ndio unaowashangaza watu. Nchi hii tunaunywa kama juisi, tunautia kwenye mchuzi, mtoto anatafuna ukwaju shuleni. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba zabibu huua figo za mbwa lakini kisababishi hakikujulikana. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walipendekeza kwamba ni asidi ya tartariki, baada ya kuona mbwa aliyekula krimu ya tartari, unga wa kuokea wa jikoni, akiugua vilevile. Mwaka uliofuata ikachapishwa taarifa ya mbwa walioharibika figo kwa ukwaju. Ukwaju umejaa asidi hiyo. Ganda lake kavu linalovunjika kwa sauti tamu ni kitu ambacho mtoto wa mbwa atakikimbilia chini ya mkwaju, kwa hiyo fagia.

Kahawa ya kutafuna ya Bukoba, ile anayokaribishwa nayo mgeni, iwekwe juu. Dalili za kafeini kwa mbwa huanza kwenye miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, na kwenye 60 unategemea degedege. Punje kavu za robusta zina kafeini kama asilimia mbili ya uzito, kwa hiyo mbwa wa kilo kumi anahitaji gramu kumi tu aanze kutetemeka. Njugu za makadamia za Kenya humlegeza miguu ya nyuma, ingawa wengi hupona ndani ya siku mbili. Na wale wa miraa: mbwa anayeokota vijiti vyenu mlivyovitupa hatalala, na moyo wake utakwenda mbio bila kujua anakimbilia wapi.

Mtu ataniuliza, mbona sisi tunatafuna mswaki? Mswaki wa kweli, wa mti wa mswaki wenyewe, umesafisha meno ya watu wa pwani na Uarabuni karne nyingi, na sina ugomvi nao. Ila tazama unavyoutumia. Unatafuna ncha hadi iwe brashi, unasugua, unatema. Kutema ndiko kunakofanya mswaki uwe salama. Mbwa hawezi kutema kwa makusudi kitu kilichoshikana na ulimi wake, na hana anayemwambia inatosha.

Basi Popo anatafuna nini? Karoti nzima iliyolala kwenye friza, kwanza. Ubaridi unauliwaza ufizi, inapita mtihani wa ukucha, na akiimeza ni chakula. Tatizo lake ni kwamba inakwisha upesi. Kilichotusaidia zaidi nimekipata kwa rafiki wa Shinyanga: matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Kipande kinene kilichokauka nusu kinavutika kama ngozi, kinachukua dakika ishirini, na tumboni kinayeyuka kwa sababu wanga wake umeshapikwa. Michembe, ambayo huanikwa mibichi, ni migumu zaidi na huvunjika, ile naichemsha mwenyewe kwanza. Makopa ya muhogo simpi. Muhogo mbichi, hasa mchungu, hutoa sianidi, na kama umeandaliwa vibaya unaweza kupooza miguu ya binadamu, ugonjwa ambao Wakongo waliupa jina la konzo. Sioni sababu ya kubahatisha kwa mbwa. Kitu chochote cha kuanikwa kikiota ukungu kinatupwa. Sumu kuvu iliua watu 125 Kenya mwaka 2004 kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na ini la mbwa ni dhaifu kwa sumu hiyo kuliko la wanyama wengi.

Ukubwa nao ni sehemu ya jibu. Kitu kiwe kirefu kuliko pua yake, kisiingie chote kinywani, na kikishafika ukubwa wa kumezeka, kibadilishe kwa kipande cha nyama badala ya kukinyakua. Ukimnyang'anya kwa nguvu atajifunza kumeza haraka, ndiyo hatari uliyokuwa unaikimbia.

Kuna jambo moja ambalo maandishi mengi ya Ulaya hayalitaji kwa sababu kwao ni nadra. Kijiti huweza kukwama juu ya kaakaa, kati ya magego ya pande mbili, na mbwa anadondosha mate, anakwangua mdomo kwa mguu, hawezi kufunga taya. Ushauri wa kawaida ni kuingiza mkono ukitoe. Huku kwetu mbwa mwenye taya lililolegea na mate yanayotiririka anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na watu wameshapata ugonjwa huo wakidhani wanatoa mfupa kooni. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kama mbwa hajachanjwa au hujui historia yake, usiingize mkono. Mfungie, mwite bwana mifugo.

Na dalili za kitu kilichokwama tumboni ni hizi: anatapika tena na tena, hata maji; anasusa chakula; anainamisha kifua chini na kuinua makalio kama anayesujudu, kwa maumivu; hapati haja, au anakamua kidogo yenye ute. Kumnywesha mafuta ya kula ili "kiteleze" kunaweza kuyapeleka mapafuni, na maziwa hayaondoi sumu wala gunzi. Siku moja ya kutapika mfululizo inatosha kumpeleka.

Haya yote nilikuja kumweleza jirani yangu jioni moja, tumesimama kila mtu upande wake wa ua, yeye ana ungo wa mahindi ananipukuchulia ya kuchemsha. Nilipofika kwenye kutapika hata maji, mikono yake ilisimama.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tatu, nne. Wengine zaidi."

Aliwahi kuwa na mbwa wa nne, akaniambia, dume jekundu, alikufa wakati wa mavuno. Alitapika siku nne. Walisema amelishwa sumu, na wakamjua aliyemlisha, mtu wa bondeni ambaye walikuwa wanagombea naye mpaka wa shamba. Hawajasalimiana naye hadi leo. Alilitazama gunzi lililokuwa mkononi mwake, akalitupa kwenye kikapu cha kuni badala ya kuliacha chini kama alivyozoea.

"Mwaka wa sita huu," akasema.